Chumba Kimoja Melini, Watu Watatu

Siku hizi Katoro wananijua kama mtaalamu wa safari za meli, ingawa meli nimepanda mara moja tu. Akitokea mtu anayetaka kumpeleka mke wake akapunge upepo ziwani, kutoka Mwanza hadi Bukoba, anaelekezwa kwangu. Anakaa kwenye benchi la genge langu la chakula, anaagiza wali na maharage, na kabla hajafika nusu ya sahani ameshaanza maswali.

Namjibu bila hiyana. Usiende Desemba, watu wa Bukoba wote wanarudi kwao kula sikukuu na hutapata pa kuweka mguu. Kata tiketi mapema, usingoje siku ya safari ukabaki unabembeleza watu dirishani. Beba chakula chako, maana ukiwa katikati ya maji huna duka la pili la kukimbilia. Beba sweta na blanketi hata kama kwenu mnalala bila shuka. Na usimtangazie mtu yeyote, la sivyo utabebeshwa mizigo ya ukoo mzima mpaka magunia ya viazi. Hapo nanyamaza. Kuna ushauri mmoja niliokuwa nautoa kwanza, tena kwa kujidai, na sasa siutoi.

Mama yangu anaishi Kishapu, na nusu ya maisha yake aliimaliza akitafuta maji. Kiangazi walikuwa wanafukua mchanga wa mto kwa bakuli, wanangoja shimo litoe maji kidogo, wanachota, wanangoja tena. Na mimi nimeyafukua hayo mashimo nikiwa mdogo, nayajua. Halafu bomba la maji ya ziwa likafika kijijini. Wenzake walishangilia, yeye akawa anakwenda bombani na swali lile lile kila siku: haya maji yatakwisha lini? Wakamwambia ni ya ziwa, hayaishi. Hakuamini. Maji yote aliyowahi kuyaona yalikuwa na ng'ambo, unasimama huku unaona ng'ombe wa wenzako kule.

Kisha macho yakaanza kumsumbua. Daktari mjini Shinyanga alituambia ni presha ya macho, kwamba dawa ya matone itachelewesha tu, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Pembeni alikuwa haoni tena, anaona palepale anapoelekeza uso. Jua likizama haoni kitu kabisa. Tulipotoka pale nililia mimi, yeye hakulia. Alisimama akifunga ile chupa ya dawa kwenye pindo la kanga, akaniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, kabla macho hayajafunga, nipeleke nikayaone hayo maji mahali ambapo hayana ng'ambo."

Hilo tu ndilo aliloniomba mama yangu tangu niolewe. Nikasema nitampeleka kwa meli, na nitampeleka kwa akili.

Nilipanga mwaka mzima. Kibubu nilikipigilia misumari ukutani nyuma ya kabati, ili hata nikipatwa na tamaa nione uvivu wa kukibomoa. Niliuliza bei kwa kila dereva aliyekula kwangu. Nikagundua kwamba ukienda kwa meli na kurudi kwa basi kupitia Biharamulo, basi linakushusha Katoro mlangoni kwako, hulipi kurudi Mwanza tena. Nikagundua pia kwamba ukipanda meli ya usiku unalala humo humo, gesti unaisahau. Nilifurahi peke yangu jikoni nikicheka, na kila aliyekula kwangu nikawa namshauri hivyo. Na kwa kuwa tulikuwa watatu, mama, mimi na mume wangu, nikalipia chumba kimoja chenye vitanda vya kupandiana. Vyumba viwili vya nini?

Mume wangu ni fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Ni mpole mpaka anakera. Siku niliyomwonyesha tiketi alizigeuza mbele na nyuma, akauliza taratibu, "Mama watoto, mimi na mkwe wangu tulale chumba kimoja?"

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na kulala chumba kimoja ni jambo ambalo hata mlevi halitamki. Miaka yote ya ndoa yetu mume wangu amekuwa akimsalimia mama kwa mbali, ameinamisha kichwa, na akikutana naye njiani anapita vichakani. Hayo yote nilikuwa nayajua.

"Nimeweka kanga ya kutenganisha," nikamwambia. "Na huko majini nani wa ukoo atawaona?"

Akaendelea kukwangua grisi kwenye kucha. Sikumuuliza anafikiri nini, maana nilikuwa sitaki kusikia.

Mama nilimfuata Kishapu mwenyewe. Bandarini Mwanza tulifika alasiri, mume wangu akiwa ametangulia na mizigo. Nilimsogeza mama ukingoni, nikamgeuza uso kuelekea ziwani, nikangoja asifie. Aliangalia polepole, akigeuza kichwa kidogo kidogo kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo.

"Naona milima ng'ambo," akasema.

"Bado, mama. Meli itatupeleka mbele huko, milima itapotea."

"Inaondoka saa ngapi?"

"Saa tatu usiku."

"Na kufika?"

"Kukipambazuka tuko Bukoba."

Akaniuliza bila ugomvi wowote, "Sasa mimi nitaona nini?"

Nilikuwa najua kwamba haoni usiku! Ni mimi niliyekuwa nikimshika mkono kumpeleka chooni kila nilipokwenda kumtembelea. Nilijua, nikasahau, kwa sababu nilikuwa nimelewa na furaha ya kukwepa gesti. Mwaka mzima nimepanga safari ya mtu kwenda kuona, na nimeipanga gizani. Bora ningeambiwa nimeibiwa.

Nilikimbilia dirisha la tiketi. Niliomba, nikapandisha sauti, nikaomba tena. Hapakuwa na meli ya mchana siku zile, na siku za mume wangu za kuwa mbali na karasha zilikuwa za kuhesabu. Kijana wa dirishani alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akanipa pole. Pole yake iliniuma kuliko angenifokea. Niliporudi, mume wangu, aliyesimama mbali na mama kama desturi inavyotaka, akaniuliza wamesemaje, nami nikamfokea yeye. Ndiye aliyekuwa karibu.

Saa tatu ilipofika wakatutangazia kwamba ziwani kuna upepo mkali, meli haitaondoka mpaka utulie. Watu walijilaza juu ya mizigo yao. Mimi sikukaa. Nilitembea huku na huko nikihesabu dhambi zangu, nikilaani upepo, nikilaani pia wali wa nazi niliopika kwa ajili ya safari ambao ulikuwa umeanza kuchacha. Mama alikaa wima, uso ameuelekeza palipokuwa na sauti ya maji. Kila baada ya muda aliuliza kama meli bado ipo.

Tuliondoka usiku wa manane umeshapita. Nilimshika mama mkono mpaka kwenye mlango wa chumba, nikamwelekeza kitanda cha chini, nikamwonyesha kwa kumgusisha ile kanga niliyoitundika katikati. Aliipapasa toka juu hadi chini.

"Na huku nyuma ya kanga atalala nani?"

"Mwenzangu."

Akairudisha miguu nje, mmoja baada ya mwingine. "Kanga si ukuta," akasema. "Niwekee kiti nje."

Nilimsihi. Nilimwambia kuna baridi, nilimwambia nimeshalipa, nilimwambia dunia imebadilika. Kwenye hilo la kulipa alinigeuzia uso, nami nikaona aibu. Mume wangu alikuwa nyuma yetu kwenye korido nyembamba, amegeukia ukuta ili asimtazame mkwe wake, na hana pa kupita. Watatu sisi, chumba kimoja kimelipiwa, na hakuna aliyekuwa akikitaka.

Basi tukampandisha mama juu, kwenye sitaha, nikamkalisha kwenye kiti nyuma ya kibanda kinachokinga upepo, nikamfunika blanketi zote mbili. Nilikaa miguuni pake. Meli ilipotoka kwenye ghuba ikaanza kuyumba, na mimi niliyepanga kila kitu nikaanza kutapika. Nilitapika mpaka nikawa siwezi kusimama. Mume wangu alikuja kwa upande wangu, akaninong'oneza niende nikalale.

"Nani atabaki naye? Wewe humkaribii."

"Nipo," akasema.

"Meli ikiyumba akaanguka, utamshikaje?"

"Nenda. Mimi nipo."

Nilikwenda nikijua sijajibiwa. Alinishika mkono mpaka mlango wa chumba; nikaitungua ile kanga ya katikati nikamrushia, nikamwambia angalau ajifunike nayo mabega. Nililala chini ya kitanda cha mama kitupu, sakafuni, maana palikuwa hapayumbi sana, na usingizi ukanichukua.

Nilishtuka mwanga umeshajaa kwenye kidirisha. Nikapanda ngazi mbio. Kiti kilikuwa pale pale nyuma ya kibanda. Blanketi zote mbili zilikuwa juu yake, na chini zimepangwa ndala za mama, pamoja, kama mtu anavyozivua anapoingia ndani.

Lakini ndani, nilikotoka mimi, hakuwamo. Nilitazama vile vyuma vya pembeni, havikufika hata kifuani pangu. Nilitazama maji. Nilimwuliza mwanamke mmoja aliyekuwa akimnyonyesha mtoto kama amemwona mama, na yeye akanielekeza mbele ya meli kwa kidevu. Sijui nilifikaje. Najua nilimkanyaga mtu, na kwamba njia nzima nilikuwa nikimwambia Mungu anichukulie chochote, hata genge.

Mama alikuwa amesimama peku mbele kabisa, katikati, mahali palipo wazi. Ncha moja ya kanga alikuwa ameifunga kiunoni. Ncha ya pili ilikuwa mkononi mwa mume wangu, ameizungusha kwenye kiganja mara mbili, naye amempa mgongo na kuinamisha kichwa. Baina yao palikuwa na urefu wa kanga.

Mama alikuwa anageuka. Kwa kuwa haoni pembeni, ilimbidi ageuke mwili mzima, hatua ndogo ndogo, ayaangalie maji kipande kwa kipande. Alipogeuka, kanga ilianza kumzunguka na kuvuta, na mume wangu naye akawa anazunguka pamoja naye, kinyumenyume, ili isifupike akamkaribia. Meli ikiyumba aliikaza. Ikitulia aliilegeza. Wakati wote huo mume wangu alikuwa akisema kwa sauti, akiyaelekeza maneno yake kwa hewa ili yasiwe yamemlenga mkwe:

"Huku nilikogeukia hakuna nchi. Na huku hakuna. Mtu akiendelea kugeuka, na huko nako hakuna."

Abiria walikuwa wanawatazama, wengine wakicheka. Mimi nilisimama pale nikishikilia nguzo. Kama upepo usingetuchelewesha, saa ile tungekuwa tumeshaona Bukoba. Kama mama angekubali kitanda changu, angekuwa chini, amelala. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kwenye mipango yangu.

Aliumaliza mzunguko. Akaanza wa pili, kuhakikisha. Nilipomshika bega alinijua kwa mkono.

"Kweli hayana ng'ambo," akaniambia. "Nilidhani wanatudanganya pale bombani." Uso wake ulikuwa umelowa na sikujua kama ni maji ya ziwa au ni yake. Kisha akasema, "Mwambie mkwe wangu wabeja sana. Mwambie amechoka, alegeze mkono."

Mume wangu alikuwa hatua mbili tu kutoka pale na alisikia kila neno, lakini alingoja mpaka nilipomgeukia nikamwambia, "Mama anasema asante." Akaitikia kwa kichwa. Kiganja chake kilikuwa na alama nyekundu za kanga.

Tulimwacha mama atazame mpaka alipotosheka. Jua lilipopanda kidogo alinishika mkono akauliza kama chumba bado ni chetu. Nikamwambia ni chetu mpaka tufike.

"Nipeleke, basi. Na nchi ikitokea msiniambie."

Nilimshusha ngazi. Alijilaza kwenye kitanda nilichokilipia, akageukia ukuta, akajifunika hadi usoni. Mimi nilikaa sakafuni, mgongo kwenye mbao za kitanda, nikisikiliza anavyopumua. Tulikaa hivyo muda mrefu. Halafu nikasikia watu wakikimbia juu na mizigo ikiburutwa, na mume wangu akagonga mlango mara mbili, akasema kwa nje, kwa furaha, "Jamani, Bukoba ile!"

Nikamwambia anyamaze.