Nyumba Niliyoiga kwa Mchwa

Nachora ramani za nyumba hapa Sumbawanga mjini, na kwa miaka kadhaa nilikuwa na maneno mengi sana kuhusu maumbile. Mteja akiketi tu kwenye kiti changu cha plastiki, kabla hajasema anataka vyumba vingapi, tayari nimeshamweleza jinsi kichuguu kinavyopumua: hewa baridi inaingia chini, hewa moto inatokea juu, na ndani mambo ni yale yale kiangazi na masika. Nikimwona anasikiliza, namwongezea la wazee wetu waliokuwa wakiyeyusha chuma kwenye matanuri marefu ya udongo wa kichuguu, matanuri yaliyojivutia upepo yenyewe bila mtu kushika mvukuto. Nilijipenda sana nikiyasema hayo.

Siku hizi sisemi. Nachora, nakabidhi, nanyamaza.

Yote yalianza na miguu ya mama yangu. Mama anaishi Mwimbi, peke yake tangu baba afariki, na mwezi wa sita na wa saba huku kwetu juu baridi haina adabu. Nyumba aliyoachiwa na baba ilikuwa na sakafu ya saruji. "Saruji hii inaninyonya," alikuwa akisema, akizikanda nyayo zake. Kwa hiyo mchana kutwa alijikalia jikoni, kile kibanda cha udongo cha nyuma ya nyumba, chenye boriti nyeusi zinazong'aa kwa masizi, akikohoa na kupangusa macho. Nilikichukia kibanda kile. Kila nikitoka humo na nguo zinazonuka moshi nilijiapiza kwamba nitamjengea mama nyumba yenye joto lisilohitaji moto, na atakayebaki jikoni ni kuku.

Joto hilo nilijua pa kulipata. Sisi Wafipa tunalima kwa intumba: mvua zikikaribia kwisha tunalaza nyasi chini, tunazifunika kwa udongo, shamba linajaa vilima vya mviringo, na nyasi zinaoza humo ndani polepole mpaka ziwe mbolea. Nilipokuwa mdogo, asubuhi za baridi, nilikuwa nachimba kilima kidogo kwa vidole na kuingiza mikono. Ndani kuna uvuguvugu. Basi nikaamua sakafu ya mama iwe intumba moja kubwa: tabaka nene la nyasi kavu, juu yake udongo mwekundu ulioshindiliwa, juu kabisa udongo laini uliosuguliwa kwa jiwe hadi ung'ae. Hakuna saruji. Kuta ziwe na matundu chini, upande unakotoka upepo, na katikati ya nyumba lipande bomba la matofali kupita paa, litoe hewa nzito kama kichuguu kinavyoitoa. Nilichora usiku kucha, na nilipomaliza nilijiona nimewafikia wale wazee wa matanuri.

Kichuguu chenyewe kilikuwepo uani, pale nilipopanga nyumba mpya isimame badala ya ile ya saruji, kirefu kunizidi mimi. Tulikibomoa ili tupate udongo wa matofali, maana hakuna udongo unaoushinda kwa kushikana. Mafundi walipofika kina cha kiuno niliwaambia inatosha.

Fundi mkuu alikuwa mzee mmoja aliyejenga nusu ya nyumba za pale kijijini. Alisimama ndani ya shimo, akaegemea jembe lake.

"Malkia hatujamtoa," akasema.

Huo ndio utaratibu wa kwetu. Kichuguu hakihesabiwi kuwa kimebomolewa mpaka malkia wa mchwa aonekane, mnene kama kidole gumba, atolewe na mtu amshike mkononi. Wengine huchimba siku mbili kumtafuta. Mimi nilikuwa na ratiba yangu, na zaidi ya ratiba nilikuwa na wazo: bomba langu nilitaka lisimame palepale, juu ya shimo, mahali ambapo mchwa wenyewe walichagua kutolea hewa.

"Tutalishindilia shimo, mzee. Hataweza kutoka."

"Mwanangu, huyo hana haja ya kutoka. Wanaotoka ni watoto wake."

"Mzee, hii nimeisomea."

Alitoka shimoni. "Haya, injinia," akasema, akaenda kunawa mikono. Mpaka leo neno hilo likitamkwa karibu yangu nageuka kuangalia kama ni yeye.

Dukani nako nilionywa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ninakonunulia siku zote, mzee wa Kiislamu mwenye kofia safi na utani mwingi, alinihesabia mabati, misumari na mbao za msindano, kisha akanyoosha mkono kwenye rafu ya nyuma. "Na dawa ya mchwa, binti?"

"Sihitaji. Nyumba hii nimejifunza kwao."

"Eeh! Basi wakija kuikagua uwakaribishe vizuri."

Tulicheka wote wawili. Mimi nilicheka zaidi.

Mwaka wa kwanza nilikuwa na haki ya kucheka. Baridi iliposhuka, sakafu ya mama ilikuwa na joto. Si joto la kubuni, joto kweli, la mkate uliotolewa motoni muda umepita. Majirani walikuja wakavua viatu, wakasimama katikati ya chumba wakitabasamu. Mama alikaa chini na kunyoosha miguu, akasema, "Asante, mwanangu." Nililia, sioni aibu kulisema. Na kutoka Chala alikuja mfanyabiashara mmoja kuiangalia nyumba, akaondoka akisema na yeye anataka ya namna hiyo.

Sikujiuliza joto lile linatoka wapi. Mkulima yeyote wa Mwimbi angenijibu: linatoka kwenye kitu kinachooza. Na kitu kinachooza chini ya ardhi huwa kina walaji.

Ishara ya kwanza niliiona nyuma ya mlango, kijistari cha udongo kinachopanda ukutani, chembamba kama uzi wa kushonea. Nilikikwangua kwa ukucha. Mwezi uliofuata kilikuwa kimerudi, na cha pili kando yake. Kalenda iliyoning'inia sebuleni nilipoishika ilibaki mkononi karatasi ya juu tu, huku nyuma yote imeliwa. Mkeka wa mama ulikuwa mzima juu, na chini yake hamna kitu. Nikiweka sikio ukutani, mchana, nyumba ikiwa kimya, nilisikia mchakacho mdogo usiokoma, kama mtu anayepepeta mtama chumba cha pili.

Kisha zikaja mvua za kwanza, na kumbikumbi. Nimewapenda kumbikumbi tangu utotoni. Mvua ikikatika tulikuwa tunakimbia na ndoo kwenye vichuguu, na jioni tunatafuna kwa chumvi. Siku ile nilikuwepo Mwimbi. Jua lilitoka baada ya mvua, nikasikia jirani yetu, mama mmoja mcheshi wa rika la mama, akipiga vigelegele uani kwetu. Nilitoka. Kumbikumbi walikuwa wanamiminika kutoka kwenye bomba la nyumba yangu, maelfu, wakipanda juu kama moshi. Wengine walitokea kwenye matundu ya ukutani. Jirani alikuwa ameshashika beseni.

"Wewe mwenzetu umejaliwa!" alimwambia mama. "Kichuguu chako kina mlango na kufuli!"

Mama alicheka kwa adabu. Akaokota naye, akakaanga, akaniletea sahani. Nilikula. Walikuwa watamu, na kila nilipomeza nilijua ninachokula. Nilimtazama mama nikaona ananitazama, kisha akayahamisha macho.

Hapo ndipo nilipopaswa kuvunja sakafu. Nilielewa kila kitu siku ile. Niliwaachia mchwa malkia wao, nikawawekea chakula chini ya nyumba nzima, nikawachimbia njia za hewa. Hata moshi, kitu pekee wanachokichukia, nilikuwa nimeuhamishia nje. Boriti za kile kibanda cha jiko nilichokidharau zilikuwa na umri kunizidi, na hakuna mchwa aliyewahi kuzigusa. Niliiga umbo la kichuguu nikasahau kwamba kichuguu ni cha wenyewe.

Lakini kuvunja sakafu maana yake Mwimbi nzima ione, na yule wa Chala asikie. Niliona aibu. Basi nikarudi dukani kimyakimya kununua ile dawa. Yule mzee hakunitania safari hii, na kutotaniwa kuliniuma zaidi. Niliimwaga kando ya kuta na ndani ya vile vijistari vya udongo. Vilikauka. Baada ya wiki vikatokea juu zaidi, karibu na kenchi za paa.

"Mama, twende ukakae kwangu mjini kwa muda," nilimwambia. "Niirekebishe kidogo."

"Irekebishwe nini? Nyumba yangu nzuri. Ina joto."

Nilimwamini haraka, kwa sababu ndilo jibu nililolitaka. Kila mtu anaijua methali ya asiyesikia la mkuu. Mimi guu lililokuwa livunjike halikuwa langu.

Niliendelea kwenda kila mwisho wa mwezi. Nilikuwa nalala kitanda kimoja na mama, kama nilivyozoea. Katika miezi ile alianzisha jambo lililoniudhi. Tangu zamani mimi ndiye niliyekuwa nalala upande wa ukutani, lakini sasa hakutaka kabisa. "Lala huku mlangoni," alisema. Nilimlalamikia kwamba mlangoni kuna ubaridi unaopita chini. Hakujali. Alipanda mwenyewe upande wa ukutani, chini ya boriti kubwa ya katikati, na nilipozinduka nilimkuta macho yakiwa wazi, yakitazama juu. Nilidhani anasali. Nilidhani ni uzee.

Upepo mkubwa ulikuja mwaka huu, kabla mvua hazijaanza, ule wa mchana unaosomba vumbi la mashambani. Nilikuwa mezani kwangu ninachora. Simu ililia, alikuwa yule jirani wa kumbikumbi, na sauti yake haikuwa na ucheshi wowote.

"Mwanangu, nyumba imelala."

"Mama?"

Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. Nilisema mama tena, nadhani nilipiga kelele.

"Mama yupo. Yupo jikoni. Njoo tu."

Nilifika jua linaelekea kuzama. Bomba lilikuwa limesimama vilevile, zima, limezungukwa na mabati yaliyokunjamana. Nilishika kipande cha kenchi kilichoangukia mlangoni, na kilikuwa chepesi mno. Juu ubao, ndani udongo mtupu na vyumba vidogo vidogo vilivyopangwa kwa ustadi ambao sitaufikia maishani. Wadudu weupe walikuwa bado wanapita humo na shughuli zao.

Mama alikuwa kibandani, ameketi kwenye kigoda chake kando ya moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

Nilitaka kumjibu, ndipo nikaona. Nyuma yake mkeka ulikuwa umetandikwa, mpya. Blanketi nililomnunulia limekunjwa juu yake. Nguo zake zote zilining'inia kwenye kamba, zimeshaingia masizi. Rozari yake ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Hivyo vitu havikuhamishwa siku ile.

"Mama, umelala humu tangu lini?"

Alichochea moto kwanza. "Tangu wale kumbikumbi."

Ulikuwa umepita karibu mwaka mzima. "Na nilipokuwa nakuja?"

"Ukija nalala kule. Ningekuambiaje? Ulivyokuwa umefurahi na nyumba yako."

Nilitoka nje kwa sababu sikuweza kukaa mbele yake. Nilipanda juu ya kifusi hadi kilipokuwa chumba cha kulala, nikasukuma bati moja pembeni. Ile boriti ya katikati ilikuwa imeshuka yote, na matofali ya juu ya ukuta nyuma yake, na ilikuwa imelala kwa urefu upande wa ukutani wa kitanda. Mto wa mama ulikuwa chini yake, umepasuka. Upande wa mlangoni ulikuwa na vumbi tu. Shuka lilikuwa bado limenyooka.

Nilikaa hapo, upande wangu. Zilikuwa zimebaki siku tatu kufika mwisho wa mwezi. Nilihesabu safari zangu zote tangu kumbikumbi, kila safari niliyodhani nimemtembelea mama, kumbe nilikuwa namtoa jikoni na kumlaza chini ya boriti ile, naye akiitazama mpaka asubuhi ili mimi nilale karibu na mlango.

Chini ya miguu yangu sakafu ilikuwa bado na joto. Nilisikia mchakacho ule ule, unaendelea.

"Toka humo," mama aliita kutoka jikoni. "Njoo kwenye moshi."