Kamera Iliyokata Maombi

Kutoka chumba changu cha Nakuru hadi kwa mama, Molo, ni safari ya saa moja. Mimi ilinichukua miezi minane, na muda wote huo nilikuwa nimeketi.

Mama alikuwa ameniambia kwa simu kwamba macho yanamwishia, na kwamba anataka kuuona uso wangu kabla hayajazimika kabisa. Mtu mwenye akili timamu angechukua sweta akaenda. Mimi nilimwambia, "Ngoja tu, mum, nakuwekea kamera."

Nilikuwa najitolea kwenye programu huria ya kuchati, ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani na kuirekebisha. Kusema kweli, hakuna aliyeitumia isipokuwa sisi tulioirekebisha, na ilituma maandishi tu. Simu ya dada yangu, anayeishi na mama, ingeweza kunionyesha siku ileile. Lakini programu zake zilikuwa za makampuni, na mimi ni mtu wa misimamo. Basi nikaanza kuiongezea programu yetu picha, na mama akaisubiri misimamo yangu.

Kuna sehemu moja niliyojivunia kupita zote. Mtandao wa kwetu hukwama, picha ikaganda, ukabaki unaongea na sanamu huku bando linaisha. Kwa hivyo niliiagiza programu kwamba picha ikikaa sekunde ishirini bila kusonga, ijue laini imekufa, ikate. Niliijaribu wiki nzima, mimi peke yangu mbele ya kamera yangu. Haikukosea hata mara moja, maana mimi siwezi kumaliza sekunde tano bila kujikuna.

Siku ikafika. Dada alifungua laptop sebuleni. Mama alikuwa amejiandaa kama anayepokea mgeni: vitambaa vyeupe vilivyofumwa juu ya viti, gauni la kanisani, na wamama wawili wa kanisa wameketi kushoto na kulia kwake.

"Nakuona!" akasema, akipunga mkono. "Na vile umenenepa!"

Nilijisikia fundi. Nilikuwa tayari natunga kichwani ujumbe wa kuwaringia wenzangu wa programu walioko ng'ambo.

"Haya, tuombe kwanza," mama akasema.

Nimelelewa katika nyumba hiyo, ambamo hata chai haimiminwi bila maombi, na katika miezi minane maombi hayakunijia akilini hata siku moja. Wote watatu waliinamisha vichwa, nikabaki naona vitambaa vya kichwa tu. Wakatulia tuli. Mama alishukuru kwa mvua, akashukuru kwa viazi, akaingia kwa ng'ombe, na programu yangu ikaamua kwamba wamekufa.

Simu yangu ikalia.

"Umenikata nikiomba," mama akasema. "Na sikuwa nimefika kwako."

Nilijaribu kumweleza habari za sekunde ishirini. Hata mimi niliona aibu kujisikia.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Molo. Mama alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwangaza wa dirisha, akanivuta mpaka pua zetu zikakaribia kugusana. Alinitazama kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza sikujikuna.

"Mbona umekonda hivi?"

"Si jana ulisema nimenenepa?"

"Jana niliona tu kitu inasonga," akasema. "Nikajua ni wewe."