Mkono wa Bibi Kwenye Mizani

Mwaka ule daktari aliniambia sukari yangu imeanza kupanda, akaniuliza kwa kawaida huwa nakula nini. Nikamwambia ukweli: chochote kinachouzwa dirishani bila mtu kushuka garini. Nilikuwa nafanya kazi ya kuosha na kupanga vifaa vya upasuaji katika hospitali moja huku ughaibuni, mjini Gaithersburg, nikiendesha kila siku kutoka Adelphi, na foleni ya barabara kuu ya I-270 ilinipa muda wa kutosha kumaliza soseji na viazi vya kukaanga kabla sijafika. Daktari hakucheka. Akasema niviache vyote hivyo, tuonane tena baada ya miezi mitatu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa chumba cha kufulia nguo, chini kabisa ya jengo letu, namsimulia kaka yangu kwa simu. Nilisema kwa sauti, maana nani angenielewa, kwamba daktari kanipangia njaa, na huku kuna bibi wa Kihindi ghorofa ya pili ambaye kila asubuhi ananukisha uwatu na chapati ngazi nzima, mtu unashuka mate yamekujaa mdomoni. Bibi mwenyewe alikuwa hatua nne kutoka niliposimama, anakunja mashuka. Hakugeuka.

"Sasa kama mate yamekujaa, mlango huujui?" alisema. "Njoo ule, mwanangu. Kusema watu kwenye simu hakushibishi."

Kilikuwa Kiswahili cha Tanga, kile chenyewe. Nikakata simu bila hata kumuaga kaka, nikatoa shikamoo yangu huku nimeinamisha kichwa kama mtoto wa darasa la pili. Aliitikia marahaba, akanibebesha kapu la mashuka, tukapanda.

Alichokuwa akipika kinaitwa khakhra. Ni chapati ya unga wa ngano isiyokobolewa, inasukumwa nyembamba mpaka karibu uone kibao upande wa pili, kisha inakandamizwa kwa kitambaa juu ya chuma cha moto, taratibu, mpaka inakauka na kuvunjika kama biskuti. Ndani mna uwatu, ufuta, bizari nyembamba na unga kidogo wa dengu. Mafuta ni tone. Inakaa wiki kadhaa kwenye kopo bila friji, na ukiila na maharage au mtindi umekula mlo kamili.

Alinieleza kwamba mama yake alikuwa akizitengeneza kule Tanga, uani, pamoja na wanawake wa nyumba za jirani. Wateja wao walikuwa makarani, mafundi wa reli na wanafunzi waliopanga vyumba, watu ambao mshahara ulikuwa mdogo na nyumbani hakuna wa kuwapikia. Yeye aliolewa Gujarat, akaja huku kumfuata binti yake, na alipofika akaona watu ni wale wale. Jengo letu limejaa wahudumu wa wagonjwa, wasafisha hoteli na wanafunzi. Akanunua unga, akaanza. Nilitoka na pakiti mbili, na Jumatatu nikapita dirisha la soseji bila kusimama.

Aliyetaka kazi ile ikue alikuwa jirani wa ghorofa ya tatu, nesi Mkenya kutoka Nyeri, ambaye alimwita "Shosho", yaani bibi kwa lugha ya kwao, na kula khakhra zake zamu nzima. Alizungumza na mwenye duka moja la vyakula vya Kiafrika kule Silver Spring, na yule akakubali kuziweka rafuni, ila kwa sharti la kisheria: kila pakiti iwe na lebo inayosema ndani mna nini, kwa mpangilio wa uzito.

Hapo ndipo kazi ilipokwama. Bibi hakuwahi kupima kitu. Unga alichota kwa kiganja, uwatu kwa vidole vitatu, chumvi alijua mwenyewe. Nesi akaja na mizani ndogo ya jikoni, akaiweka mezani kwa furaha kabisa.

"Shosho, weka hapa kwanza tu-weigh."

"Unataka kuupima mkono wangu?"

Akatuacha jikoni, akaenda sebuleni kuwasha televisheni. Nesi alinitazama, mimi nikatazama sakafu. Tukasikia tamthilia ya Kihindi ikianza na watu wakilia. Ilipofika matangazo bibi akarudi, akachota unga na kuumwaga kwenye mizani. Nesi akaandika. Bibi akaurudisha unga kwenye kopo, akachota tena. Namba ile ile. Mara ya tatu, namba ile ile, haikupungua wala kuzidi gramu moja. Nesi alikaa chini.

"Andikeni sasa," bibi alisema, na ndipo nikamwona anatabasamu.

Lebo ilichapwa, na duka likawa linaishiwa kila wiki. Lakini kufika majira ya baridi kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimevimba, akawa anakificha kwenye sweta. Binti yake alikuja kumtembelea kutoka Gaithersburg, akakiona. Hakugomba. Alituambia kwa Kiingereza, mbele ya mama yake, kwamba tangu azaliwe hajawahi kumwona akikaa mchana mzima bila kusukuma kitu, na kwamba anataka kumchukua akapumzike kwake. Ningeweza kumlaumu vipi? Nesi naye alikuwa ameshakigusa kile kifundo na kutikisa kichwa.

Bibi akaweka sharti lake: atahama siku sisi wawili tutakapojua kuzitengeneza. Kwa hiyo kila Jumamosi alikaa kwenye kiti, mkono umefungwa bandeji, akituongoza kwa macho na kidevu. Za kwangu za mwanzo zilikuwa na umbo la nchi iliyogombana na majirani zake wote. Nesi aliunguza nyingi kwa haraka. "Moto hauna zamu," bibi alimwambia, "hauendi popote." Baada ya miezi minne zangu zilianza kuwa duara, na mwezi huo huo akahama, nasi tukahamia jikoni kwa nesi.

Daktari naye alipoona vipimo vyangu vimeshuka aliuliza nimebadilisha nini. Nikampa pakiti. Aliisoma lebo pande zote mbili, akaitia kwenye droo yake.

Jumapili moja tulimpelekea bibi za kwetu. Alivunja moja karibu na sikio, akasikiliza, akatafuna. Akasema uwatu tumeufanyia uchoyo, kisha akala ya pili na ya tatu. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Aliuliza, kama mtu anayeomba kitu dukani ambacho hana hakika kinauzwa, iwapo Jumamosi angeweza kuja Adelphi. Nesi akamwambia saa mbili asubuhi, na afunge nywele.

Alikuja. Ya kwanza aliyosukuma ilitoka duara kamili, nyembamba, pembeni pamelingana kote. Mimi niliyeteseka miezi minne nilinuna wazi wazi. Binti aliishika juu kwenye mwanga wa dirisha, akacheka peke yake, kisha akaomba donge jingine.