Kubadili Kiini Bila Kuzima

Niseme ukweli mapema: nilimdanganya mama mwenye ofisi. Aliniuliza kama nimejaribu kwanza kwenye mashine nyingine, nikasema nimejaribu. Sikuwa nimejaribu. Ile nyingine ilikuwa na wateja tangu asubuhi, na mimi niliona aibu kusema naogopa.

Ofisi yetu ya kuchapa barua na kadi za harusi ilikuwa Buzuruga. Kompyuta kubwa ilikuwa na ugonjwa mmoja: ukiiwasha upya, hujikagua, kisha mara nyingi hukwama kabla haijaifikia diski. Mara ya mwisho fundi wa Nyakato alikaa nayo siku nne. Tangu hapo tuliiacha ikiwaka, tukishukuru kila siku ambayo umeme haukukatika.

Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, nilijifunza peke yangu, kwa kitabu cha kuazima kisicho na jalada. Nilitaka kuweka kiini kipya, ile sehemu inayoendesha mashine yote, ili kompyuta zetu mbili zitumie printa moja. Kulikuwa na programu ndogo ya DOS, mfumo wa zamani uliokuwa ukiiendesha mashine, iliyoweza kupakia kiini na kukikabidhi mashine hapo hapo, bila kuzima, bila ule ukaguzi. Lakini DOS ikishaondoka hairudi. Kiini kikigoma, kinabaki kitufe cha kuwasha upya tu.

Niliandika amri. Nikaisoma herufi moja moja, mara tisa. Nikaifuta, nikaandika ileile.

"We binti, unaichapa au unaiombea?" mama akauliza.

Nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Nikaanza kutunga uongo wa pili. Halafu mistari ikashuka, mingi, mpaka mashine ikaniuliza jina langu.

"Fundi wangu!" Mama akapiga makofi.

Hapo radi ikapiga upande wa ziwani, ya kwanza tangu fundi yule aondoke, na mkono wake ukaenda kwenye plagi. Kwetu radi ikianza kila kitu huchomolewa, hata redio.

"Usichomoe, mama, tafadhali! Sikujaribu popote. Nilikudanganya. Ikizimwa sijui kama itaamka."

Alinitazama. "Na ikiungua, itaamka?"

"Hapana."

"Basi izime vizuri. Kesho utaiwasha nikiwa nimesimama hapa, tuogope wote."

Niliizima, akachomoa. Feni ikapunguza mwendo, ikanyamaza. Kidole changu kilibaki juu ya kitufe cha kuwashia, bila kukibonyeza, mpaka akaniambia nikafunge madirisha.