Samaki wa Kwanza wa Bi Mwanapili

Bi Mwanapili aliuza samaki soko la Chake Chake mpaka magoti yakamgomea. Mteja akisita, hakubishana naye. Alimfunua samaki shavu kwa kidole gumba, akamwonesha wekundu wa ndani. "Tazama mwenyewe, mbichi huyu!" Basi, biashara imekwisha.

Alipoacha soko, binti yake Khairat alimletea tangi la kioo na pampu ya hewa, asije akashinda nyumbani akigombana na kuta. Wakaosha changarawe, wakajaza maji ya mfereji. Khairat akasema wayaache kwanza yalale, dawa iliyomo iishe, ndipo samaki atiwe.

"Maji nayo hulala?" alifoka Bi Mwanapili. "Mie nimewajua samaki kabla hujazaliwa!"

Khairat alicheka, lakini hakulegeza. Siku zile mama alizunguka tangi tupu akinung'unika, na majirani wakimuuliza anafuga nini, maji?

Hatimaye samaki akatiwa: mdogo, rangi ya chungwa. Akazama mpaka chini, akatulia juu ya changarawe. Moyo ukampiga Bi Mwanapili paa! Samaki waliotulia hivyo aliwajua. Ndio aliowapanga mezani umri wake wote.

"Keshakufa," alisema, akapiga yale magoti yake mabovu, uso ukagusa kioo.

Shavu likafunguka. Likajifumba. Likafunguka tena, jekundu ndani, wala hapana mtu aliyelifunua.

"Alhamdulillahi," alinong'ona, na kidole gumba chake akakificha ndani ya kanga.