Ndoo ya Moraa

Enzi zetu, na nyinyi wa rika langu mliokulia huku milimani mtanishuhudia, hakuna mtoto aliyeingia darasa la kwanza kwa cheti cha kuzaliwa. Cheti kilikuwa sikio. Ulipitisha mkono juu ya kichwa ukatafuta sikio la upande wa pili. Ukilishika, umekua, ingia usome. Ukilikosa, rudi ukachunge ndama. Kuna watu waliojaliwa mikono mifupi wakachunga ndama hadi wakaota ndevu.

Shule yetu, upande wa Birongo, ilikuwa ya udongo na nyasi. Tulienda miguu mitupu, umande ukituuma vidole, chakula cha mchana ni viazi vitamu vilivyofungwa kwenye jani la mgomba, na saa ya kula ikifika jani limetoa jasho kuliko aliyelibeba. Mpira tulisuka kwa magome makavu ya migomba, ukilowa mvua unakuwa mzito kama jiwe na bado mtu anaupiga kichwa. Watoto wa leo simu ikiishiwa moto wanasema wana msongo wa mawazo. Sisi msongo wetu ulikuwa jogoo wa mwalimu mkuu, aliyeparamia watu mgongoni.

Na Ijumaa! Ijumaa ilikuwa siku ya kusiriba darasa. Ndoo inajazwa mavi mabichi ya ng'ombe, yanachanganywa na maji na majivu, kila mmoja anapimiwa kipande chake cha sakafu, unainama unapaka kwa mkono hadi mgongo ulie. Jumatatu ukiingia, darasa linanukia kama zizi lililooga.

Jirani yetu alikuwa Moraa. Homa ya uchangani ilimwachia miguu myembamba isiyoweza kumsimamisha, kwa hiyo alitembea kwa mikono na makalio, na kwenye ua wao uliopigwa fagio hukumshika. Wageni wakifika kwao walishika mashavu, "Ee Nyasae, Mungu wangu, maskini!" kisha wanampa ndizi iliyoiva. Sisi wenye miguu tuliambiwa tukachote maji. Tulimwonea wivu sana. Naye alijua kazi yake: mgeni akitokea tu pale kwenye ua wa miti, uso wa Moraa unaanguka kama wa mfiwa. Mgeni akiondoka, tunagawana ndizi tukicheka hadi tunapaliwa.

Januari tulipoenda kupimwa masikio, Moraa alitufuata akiwa mgongoni mwa mama yake. Alilishika sikio lake akalivuta kabisa, ili pasiwe na ubishi. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Makori, mtu aliyevaa suruali hadi kwapani, akamtazama.

"Sikio umelishika. Lakini miguu?"

"Mwalimu, kuna somo la miguu?"

Wazazi waliangua kicheko. Mwalimu Makori akakohoa. "Nitakuandika. Ila ukianza kuchelewachelewa, nakurudisha kwa mama yako. Sitaki watu waseme Makori anatesa mtoto."

Sasa, kati ya kwetu na shule kuna bonde, mto, na mlima wenye utelezi unaoshusha hata mbuzi. Mama yake ana mtoto mwingine mgongoni na chai ya kuchuma. Tukajua Moraa hamalizi mwezi. Ndipo tukaiga mama zetu. Wao walikuwa na egesangio, kikundi cha kulimiana: leo wote wako kwa huyu, kesho kwa yule, na sheria ni moja, aliyelimiwa lazima alime. Sisi tukaanzisha egesangio la kumbeba Moraa. Mimi nilimtoa nyumbani hadi mtoni, Ombati mwenye shingo ya fahali akapanda naye mlima, Kwamboka akamalizia tambarare. Na Moraa alilipa. Ijumaa alisiriba vipande vyetu vyote.

"Nyinyi mnainama kama mbuzi wanaokunywa maji," alitucheka. "Mimi niko chini tayari." Alirudi nyuma polepole hadi mlangoni, mikono yote miwili ikifanya kazi, akiacha michoro kama mkia wa tausi. Sakafu yake ilikuwa nzuri mpaka ukaona vibaya kuikanyaga.

Njiani alitupanda bila huruma. "Ombati, kanyaga mafuta!" Mimi nilipenda kuota ndoto mchana, nikimbeba nilikuwa basi la Kisumu, nanguruma, napiga honi kwenye kona. "Basi gani hili linaongea peke yake?" alinizaba kofi la kisogo. "Angalia tope!"

Basi Ijumaa moja Mwalimu Makori akachungulia darasani. Akamkuta Moraa chini, mavi hadi viwikoni, na sisi watatu tumeegemea ukuta tunatafuna miwa.

"Wanyama nyinyi! Mtoto kilema ndiye mtumwa wenu?"

Hatukupewa nafasi ya kujieleza. Fimbo ilianza na Ombati kwa sababu ndiye aliyeonekana vizuri. Moraa akainuliwa, akanawishwa, akaketishwa kwenye kiti cha mwalimu chenyewe, na shule nzima ikatangaziwa kwamba kuanzia siku hiyo Moraa hafanyi kazi yoyote. Mimi makalio yanawaka moto, na bado nikafikiri rafiki yangu amepandishwa cheo.

Jumatatu nikapiga magoti mlangoni kwao, mgongo tayari.

"Yaya!" Hapana ya kwetu hiyo, na ikitoka kwa Moraa hairudi. "Nitakulipa nini?"

"Panda tu, wewe."

"Bure? Anayebebwa bure ni maiti. Mimi nimekufa?"

Mama yake akambembeleza, akamtishia, wapi. Akashuka bonde kwa mikono yake. Sisi tukamfuata nyuma polepole kama waombolezaji, tukiona aibu kumpita. Tulifika paredi imeisha zamani. Mwalimu Makori akatuchapa sisi, akamruka Moraa. Kesho yake hivyo hivyo. Siku iliyofuata viganja vya Moraa vilikuwa vimechubuka, na Mwalimu akachuchumaa mbele yake, sauti laini kama ya kanisani, jambo lililotutisha kuliko fimbo.

"Moraa mwanangu, njia imekushinda. Kuanzia kesho, kaa na mama."

Moraa alifuta pua kwa mkono wenye tope.

"Mwalimu, mama yako yuko kwenye egesangio?"

"Yuko."

"Wakimwambia akae tu, wao watamlimia, yeye asiende kwa mtu?"

Mwalimu Makori alicheka kabla hajajizuia. "Mama yangu? Angewafukuza na jembe! Angewauliza kama wamemchimbia na kabu..." Alibaki amechuchumaa vile, suruali imembana kwapa, akitazama vile viganja.

"Nipe ndoo yangu," Moraa akasema.

Kesho yake Moraa alikuwa mgongoni mwangu kabla sijamaliza uji. Alikuwa amekubali kwa mkopo wa hadi Ijumaa, akanionya nisimdondoshe kabla hajalipa. Na Ijumaa Mwalimu Makori mwenyewe alileta ndoo, ameishika mbali na suruali, akaitua mbele yake.

"Na zile kona, Moraa, nikikuta shimo ni fimbo kama wenzako."

"Ndiyo, mwalimu." Sijawahi kuona mtu akitishiwa fimbo akang'aa vile. Na mashimo yalipatikana wiki nyingine, na fimbo akaipata, akaja kutuonyesha alama kama mtu anayeonyesha viatu vipya.

Miaka imekwenda. Mimi niliishia darasa la saba, Moraa akanipita, akafika sekondari, hadi leo hajaacha kunikumbusha. Juzi nilienda shule ya mjukuu wangu. Ni ya mawe, sakafu ya simenti, mlangoni kuna njia nzuri ya kiti cha magurudumu, na ukutani bango la maneno marefu ya heshima, neno kilema halisemwi tena. Nilifurahi kwa moyo wote. Tungekuwa na njia kama ile kutoka kwetu hadi shuleni, mgongo wangu usingekuwa hivi ulivyo leo. Ilikuwa saa ya usafi, watoto wanafagia uwanja wakitupiana vumbi na matusi madogomadogo. Mvulana mmoja alikuwa kivulini kwenye kiti chake cha magurudumu, amepewa soda na mrija. Mwalimu wa pale akaniambia kwa fahari, "Huyo sisi hatumsumbui kabisa." Nikamwangalia yule mtoto. Soda hakuigusa. Alikuwa akitazama mafagio jinsi sisi tulivyotazama nyama ya Krismasi ikiiva kwa jirani.