Swali la Bwana Soli

Bi Mikono hakujifunza kazi yake darasani. Aliianza kabla hajajua kusoma, kwa sababu kaka yake alikuwa kiziwi na nyumbani hapakuwa na mwingine mwenye subira ya kuongea naye. Baba aliongea naye kwa kidole na fimbo, mama kwa machozi na sahani iliyojaa. Huyu binti mdogo ndiye aliyekaa naye sakafuni wakatunga maneno yao. Kaka alipopelekwa shule ya viziwi, kila likizo alirudi na alama mpya na kumgawia dada yake kama peremende. Ukubwani ukalimani ukawa ndio mkate wake: mahakamani, hospitalini, na jioni kwenye taarifa ya habari, ndani ya kile kidirisha cha pembeni mwa kioo cha runinga. Watu wa mtaani ndio waliombandika jina la Bi Mikono.

Kaka yake alikuwa fundi viatu, kibanda chake ubavuni mwa duka la dawa, na wateja walimwita Bwana Soli. Alikuwa mcheshi na mbishi, mtu wa mikono isiyonyamaza. Ukimletea kiatu kilichochoka kupita kiasi alikilaza chini, akavua kofia na kuinamisha kichwa kama yuko mazikoni, kisha ndipo akakiokota na kukitengeneza.

Kura ya maoni ilipotangazwa, ndugu hao wawili waligawana. Bi Mikono alikuwa wa Ndiyo, Bwana Soli wa Hapana, na kila Jumapili walibishania suala hilo mezani kwa Bi Mikono. Anayebishana kwa mikono hawezi kushika kijiko, kwa hiyo chakula kilikuwa kikipoa.

"Ninyi mkianza," mume wa Bi Mikono alisema siku moja, "nyumba iko kimya kabisa, na bado kichwa kinaniuma."

Bi Mikono alimtafsiria kaka yake, na Bwana Soli akamjibu shemeji yake kwamba kichwa kitupu ndicho kinachouma kwa mwangwi. Wakacheka wote watatu. Ubishi wao ulikuwa wa namna hiyo, mkali lakini hauondoi mtu mezani.

Huko nje mambo yalikuwa mengine. Mheshimiwa aliyeongoza kampeni ya Ndiyo alizunguka majukwaani akisema kwamba wanaopinga ni kupe kwenye ngozi ya nchi. "Kupe habembelezwi," alisema, na umati ukamjibu, "Hung'olewa!" Maneno hayo yalirushwa kwenye taarifa ya habari, na mikono iliyoyapeleka kwa viziwi wa nchi nzima ilikuwa ya Bi Mikono.

Siku chache kabla ya kura, vijana wenye fulana za Ndiyo walipita mtaa ule mchana kweupe, wakimsimamisha kila mwenye biashara na kumwuliza yuko upande gani. Bwana Soli alikuwa ameinamia kiatu, mgongo wake barabarani. Walimwuliza, hakujibu. Wakamwuliza tena.

"Ana kiburi huyu," mmoja akasema, na kigoda kikapigwa teke.

Alipoanguka aliinua mikono kuwaeleza. Wao waliona mtu anayewatukana kwa ishara. Muuza dawa alitoka mlangoni akipiga kelele, "Kiziwi huyo, hasikii!" lakini kufikia hapo nao walikuwa hawasikii. Kijana mmoja mnene wa shingo, ambaye wenzake walimwita Chuma, aliukanyaga mkono wa kulia wa Bwana Soli pale kwenye saruji, akausaga kwa kisigino kama mtu anayezima sigara.

Vidole vitatu viliunga vibaya. Msharasi wa kutobolea ngozi ulikuwa ukimponyoka, na mshono uliokuwa ukimchukua nusu saa ukawa unamla asubuhi nzima. Hilo lilikuwa baya, lakini halikuwa baya zaidi. Kwa kiziwi mkono ndio ulimi. Sasa Bwana Soli alikuwa na kigugumizi. Rafiki zake walimwomba arudie, akarudia, wakaitikia kwa kichwa kwa huruma bila kuelewa, naye akajua hawakuelewa. Utani ndio uliokufa kwanza, maana utani unataka kasi. Bi Mikono alikuwa akimtazama akianza kichekesho mezani, kisha akikiacha katikati na kuchukua kijiko, naye hasira ilimpanda hadi masikio yakawa ya moto.

Polisi waliandika maelezo. "Vijana wengi, fulana zinafanana," askari alisema. Bwana Soli, kwa kinywa cha dada yake, alisema jina la Chuma, alilotajiwa na muuza dawa, akaonyesha na nyumba anayokaa. Wakaambiwa wasubiri kura ipite. Kura ikapita, Ndiyo ikashinda, wakarudi. Safari hii askari aliwaambia kwamba nchi inahitaji utulivu.

Upande wake ulikuwa umeshinda, na ushindi ule ulimkaa Bi Mikono kooni kama mfupa wa samaki. Kisha zikaanza nasaha. Redioni, kwenye nyumba za ibada, kwenye simu, kila mtu alikuwa na neno: tusameheane, tusahau, tusonge mbele. Walioongoza kutukana ndio walioongoza kuhubiri, bila hata kubadilisha sauti. Jirani alipomwambia, "Dada yangu, tusonge mbele," Bi Mikono alimjibu, "Tangulia wewe. Mimi nina ndugu wa kumwinua kwanza."

Ilipopangwa Siku ya Umoja kwenye uwanja wa mpira, bosi wake wa runinga alimwita ofisini. Alimweleza kwamba Mheshimiwa mwenyewe ndiye atakayehutubia, na kwamba mkalimani atasimama jukwaani, wazi mbele ya kamera.

"Tafuta mwingine," Bi Mikono alisema.

"Mwingine wa kiwango chako sina. Na chama cha viziwi kimealikwa safu ya mbele. Utawanyima?"

Jioni alimsimulia kaka yake akitarajia ataungwa mkono. Bwana Soli alitikisa kichwa. Polepole, kwa mkono wake ule mbovu, alisema, "Ukikataa wataleta mtu anayerusha mikono kama anafukuza nzi. Nenda. Nataka kumsikia vizuri."

Basi akaenda. Jukwaa lilipambwa kwa vitambaa vyeupe. Nyuma ya Mheshimiwa walikaa vijana waliochaguliwa kutoka pande zote mbili, wamevalishwa fulana nyeupe zenye neno UMOJA kifuani. Bi Mikono alisimama kando ya kipaza sauti cha pili, akitazama watu, mgongo wake kwa vijana wale. Bwana Soli alikuwa mbele kabisa, amevaa koti lake la harusi.

Mheshimiwa alianza kwa sauti ya baba mzazi. Alisema yaliyopita si ndwele. Alisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Bi Mikono aliyapeleka yote, neno kwa neno, uso umemkauka. Kisha Mheshimiwa akainua kidole chake kimoja juu, akakizungusha uwanja mzima ukione.

"Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa."

Methali haina njia ya mkato katika lugha ya alama. Ni lazima uuonyeshe ukucha mmoja ukihangaika peke yake, kisha mwingine uje kusaidia. Bi Mikono aliinua vidole vyake vizima, vilivyonyooka, akaonyesha, na alipomaliza aliona kaka yake amevitazama vya kwake vilivyolala gotini.

Bwana Soli akasimama.

Aliinua mikono na kuanza kuongea. Watu wa nyuma walidhani anashangilia, wakapiga makofi. Mshereheshaji, mwanamume wa suti inayong'aa, alisogea kwenye kipaza sauti akitabasamu. "Naona mzee wetu amefurahi. Mkalimani, mwambie tunamshukuru, akae."

"Hajafurahi," Bi Mikono alisema. "Ana swali."

Mheshimiwa, kwa kuwa kamera zilikuwa zinamwangalia, alisema aulize tu.

Sasa maneno yalikuwa mikononi mwa kaka na kinywani mwa dada, na kinywa kikaogopa. Alichosema Bi Mikono kwenye kipaza sauti ni hiki: "Anauliza, je, walioumizwa wakati wa kampeni wataangaliwaje?"

Mheshimiwa aliitikia kwa kichwa, kwa upole. Jukwaani wakatabasamu. Swali zuri, kamati itaundwa.

Bwana Soli hakuhitaji masikio kujua. Hakuna mtu angetabasamu kwa maneno aliyoyasema yeye. Akamkazia macho dada yake, akapiga alama moja moja, pana, kama anayeongea na mtoto: "Sema nilivyosema mimi. Huo ni mdomo wangu, si wako."

Bi Mikono alikiondoa kipaza sauti kwenye kishikio chake.

"Nimemtafsiri vibaya," alisema. "Narudia. Anasema hivi: 'Uliniita kupe. Ukasema ning'olewe. Aliyekuja kuning'oa amekaa nyuma yako, wa pili kutoka mwisho, kavaa umoja kifuani. Anaitwa Chuma. Mkono huu ndio aliousaga kwa kiatu chake, kwa sababu sikujibu swali ambalo sikulisikia. Hajaniomba radhi. Wewe hujaniomba radhi. Sasa unataka niungane naye kwa vidole vipi?'"

Bwana Soli aliuinua mkono, akauacha hewani.

Uwanja ukagawanyika papo hapo, kama vile kura inapigwa upya. Upande mmoja ulizomea, mwingine ukapiga makofi, na wengine wakawazomea wanaozomea. Chuma alikuwa ametazama viatu vyake. Kijana aliyekaa naye, aliyekuwa wa Hapana, alisogeza kiti chake pembeni.

Mheshimiwa alivuta kipaza sauti chake. Upole ulikuwa umemtoka. "Wapo watu wachache," alisema, "wanaofukua makaburi wakati wenzao wanajenga. Hao hatutawaruhusu waturudishe nyuma."

Mshereheshaji alimnong'oneza Bi Mikono ashuke. Naye alitaka kushuka, alitaka kuitupa beji yake pale na kwenda zake. Lakini aliitazama ile safu ya mbele, watu wamemkodolea yeye macho, wakingoja kujua kinachosemwa juu yao. Akishuka watabaki na mdomo unaochezacheza. Hakushuka; alikirudisha kipaza sauti kwenye kishikio. Alipeleka kila neno: wachache, makaburi, hatutawaruhusu. Alipeleka na ile dharau ya mdomo wa Mheshimiwa, kwa uso wake mwenyewe, bila kuipunguza hata chembe, mpaka safu nzima ya viziwi ikasimama na kutoka uwanjani wakati hotuba ikiendelea.

Wiki iliyofuata bosi alimpigia simu, akamwambia apumzike kidogo. Hakumwita tena. Kidirisha cha habari alipewa mtu mwingine, na Bwana Soli akasema yule kweli anafukuza nzi.

Polisi walimkamata Chuma, maana nchi nzima ilikuwa imeona, wakamwachia kwa dhamana. Ndipo mama yake alipokuja nyumbani kwa Bi Mikono, mwanamke mtu mzima, khanga imefungwa vizuri, sauti ya kubembeleza. Bwana Soli naye alikuwepo.

"Mwanangu," mama yule alisema, "sisi ni watu wa mtaa mmoja. Tuyamalize kinyumbani. Mwenzenu ni kijana, alidanganywa na wakubwa."

"Mama, shikamoo yangu nimekupa na kiti umekalia," Bi Mikono alijibu. "Lakini aliyekanyagwa si mimi. Ngoja nimwulize mwenyewe."

Bwana Soli alitazama alama za dada yake mpaka mwisho. Kisha akajibu, na safari hii Bi Mikono hakulainisha kitu.

"Anasema wewe hujamkosea, karibu chai. Wakubwa waliomdanganya anawajua, na zamu yao inakuja. Lakini mguu ulikuwa wa mwanao. Kama anataka kuyamaliza, aje mwenyewe, kwa mguu huohuo, na akajibu na mahakamani."

Mama yule alikunywa chai, akashukuru, akaondoka. Chuma hakuja. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena, na kila ilipotajwa Bi Mikono alikwenda, akakaa kando ya kaka yake kwenye benchi la mahakama, akimngoja hakimu amruhusu kuyasema maneno ya kaka yake.